Upanga, kola na mkia wa mbweha: nivae kipi, niache kipi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, nina miaka 31, naishi Chicago na mume wangu. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Wenzangu kazini wana mazoea yao: kila kiangazi hujikusanya, wakajazana kwenye magari, wakaenda Bristol Renaissance Faire, tamasha la wikiendi linaloanza Julai na kuisha mwanzoni mwa Septemba pale Kenosha, ukivuka tu mpaka wa Illinois kuingia Wisconsin. Kwa wasiolijua, ni kijiji kizima kilichojengwa chini ya miti, kikijifanya mji wa Bristol wa Uingereza mwaka 1574, siku Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokwenda kuutembelea. Malkia mwenyewe yupo (ni mwigizaji, lakini akipita watu wanainama kweli), kuna wapanda farasi wanaopigana kwa mikuki, wachekeshaji, mafundi wa ngozi na vioo, na vyakula vya kushika mkononi. Mgeni halazimishwi kuvaa kizamani, ila wengi huvaa.

Mwaka jana nilikwenda na jinzi na fulana, nikarudi na wivu. Mwaka huu nimeapa nitavaa. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo kushona si shida. Nimeshamaliza shati jeupe la kitani lenye mikono mipana, sketi mbili, moja ya kijani na moja ya kahawia, na kizibao cheusi cha kufunga kwa kamba mbele. Hapo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni mapambo.

Shangazi, nimenunua. Vingine kwenye intaneti, vingine kwenye duka la mitumba, vingine nimepewa na wenzangu wa kazini. Nina kola kubwa ya marinda ya duara, ile inayozunguka shingo kama kwenye picha za wafalme. Nina kofia ya pembe tatu yenye unyoya, upanga na ala yake, pembe ya ng'ombe ya kunywea, miwani ya shaba kama ya marubani wa zamani, masikio ya plastiki yaliyochongoka, mkia wa mbweha wa kuning'iniza nyuma, mikufu mitatu ya lulu bandia, kengele za miguuni, mikoba miwili ya ngozi, funguo kubwa za chuma, kikombe cha bati, na joho la mahameli la zambarau. Hilo joho ndilo lililokula hela kuliko vyote, na nalipenda kufa.

Juzi nilivaa vyote kwa pamoja nikatoka sebuleni. Wifi yangu, ambaye yuko kwetu kwa mwezi mmoja, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wifi, umekuwa mti wa Krismasi." Kisha akanishauri niachane na mambo ya Wazungu nifunge kanga yangu, kwani mimi ni Mwafrika na Waafrika hawakuwepo huko. Kazini nako hawakubaliani. Mmoja anasema kwenye tamasha hilo hakuna kuzidisha, vaa mpaka usionekane. Mwingine, ambaye hushona kila kitu kwa mkono, anasema kitu chochote kisichokuwepo mwaka 1574 ni aibu. Mume wangu yeye hataki kusikia. Anasema atakuja na jinzi na kofia yake ya besiboli.

Naomba uniambie: nivae vitu vingapi? Wifi ana haki kuhusu kanga? Na huyu mume nimfanyeje?

Mwenye Meza Iliyojaa, Chicago

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha, maana barua nyingi zinazonifikia ni za waume waliotoroka, si za mikia ya mbweha.

Wifi yako macho anayo, ila amekosea sababu. Anadhani umezidisha. Waingereza wa wakati ule hawakuwa watu wa kujinyima. Aliyekuwa nacho alikivaa chote. Tazama ule mchoro maarufu wa Malkia Elizabeth uliotengenezwa kuadhimisha kushindwa kwa meli za kivita za Hispania mwaka 1588. Lulu zimejaa kichwani, lulu zimeshuka kutoka shingoni hadi kiunoni, lulu zimeshonewa juu ya mafundo ya utepe mbele ya gauni na kwenye mikono, na juu ya yote hayo kuna kola ya lesi iliyouzunguka uso mzima. Wifi angemwona huyo angezimia. Lakini kila kitu alichovaa kinamhusu mtu mmoja, malkia tajiri anayetaka ujue kwamba ni malkia tajiri.

Meza yako, mwanangu, imebeba watu sita. Kofia ya pembe tatu ni ya baharia au bwana wa miaka ya 1700, zaidi ya karne nzima baada ya siku unayoigiza. Pembe ya kunywea inamwita Mviking, ambaye zama zake zilikwisha miaka mia tano kabla. Miwani ya shaba ni ya mtu wa hadithi za mitambo ya mvuke. Masikio na mkia ni vya kiumbe wa msituni. Kola na joho ni vya mke wa mtu mkubwa. Kizibao na sketi ulivyoshona kwa mkono wako, ambavyo ndivyo nguo hasa, ni vya mwanamke anayefanya kazi. Ukitoka sebuleni na hao wote mwilini, mtazamaji hajui amsalimie nani. Ndiyo maana wifi alicheka.

Kwa hiyo sitaanza na idadi. Naanza na swali: wewe ni nani siku hiyo? Unaishi wapi, unakula kwa kazi gani, asubuhi umetoka nyumbani ukiwa na shughuli gani mjini? Ukishajua, meza itajipanga yenyewe, na vitu vingine vitatoka bila kugombana na mtu.

Na hapa nakupa mtu, tena wa kweli. Wifi anasema Waafrika hawakuwepo. Walikuwepo. Karibu na Bristol hiyohiyo, upande wa kaskazini, kuna kijiji kinaitwa Almondsbury. Humo aliishi mwanamke Mwafrika aliyeitwa Cattelena. Hakuwa na mume, wala hakuwa mtumwa wa mtu, alijitegemea. Alipofariki mwaka 1625 iliandikwa orodha ya mali zake, na orodha hiyo ipo mpaka leo. Kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa ng'ombe wake. Vinafuata vitu vya mtu mwenye nyumba yake: matandiko, vyungu vidogo, kinara cha mshumaa, chupa ya bati, vijiko, sanduku la kutunzia vitu, na nguo zake za kuvaa. Ni miaka hamsini baada ya 1574, sawa, lakini hakuna atakayekudai cheti cha kuzaliwa getini.

Mwanamke wa namna hiyo, mwenye ng'ombe mmoja na nyumba yake, yamkini alikuwa na maziwa au siagi ya kuuza. Basi umekuja sokoni. Umevaa aproni juu ya sketi, kwa sababu hakuna mwenye kazi anayechafua sketi akiwa na kitambaa cha kuikinga. Kichwa umekifunika kwa kofia ya kitani nyeupe, kama wanawake wa pale walivyofanya. Kiunoni una mkoba mmoja, kijiko, ufunguo wa sanduku lako, na kikombe. Unaona vitu vinavyokuja? Vimeitwa na kazi yake. Funguo zako za chuma, ambazo juzi zilikuwa pambo tu, sasa zinafungua kitu.

Ukinibana nitaje namba, nitakutajia: kichwani kimoja, shingoni kimoja au hakuna, kiunoni vitatu au vinne, mkononi kimoja cha kubeba, kikapu kwa mfano. Hiyo ni kwa mwanamke wa kazi. Mke wa tajiri aongeze, tena aongeze sana.

Kiuno nakikazia kwa sababu nguo za wanawake wa wakati ule hazikushonewa mifuko kama yetu. Kila kitu kilining'inia kwenye mshipi, na mwizi wa sokoni alikuja na kisu, akakata kamba ya mkoba, akapotelea kwenye umati. Wewe utahitaji mahali pa simu, kadi ya benki na dawa ya jua, hivyo chagua ule mkoba mkubwa zaidi kati ya miwili na uachane na mdogo. Mkoba ukae mbele kidogo, upande wa mkono unaoutumia, usiutupe nyuma. Kikombe kiende nyuma ya nyonga, la sivyo kitakugonga paja siku nzima na jioni utakuwa na alama. Funguo zitundike kwa utepe mfupi zisifike gotini. Kisha vaa vyote, ukae kwenye kiti, upande ngazi, ushuke, uingie chooni kwako na ufunge mlango. Nasema hili la choo kwa makusudi. Vyoo vingi vya matamasha ni vibanda vya plastiki, na kitu ambacho huwezi kukishughulikia nyumbani kwako penye nafasi, kule kitakutoa machozi. Kwa sababu hiyohiyo sketi iishie kwenye vifundo vya miguu. Kuna vumbi, na mvua ikinyesha kuna tope.

Acha pia nafasi moja tupu kwenye mshipi. Utakutana na mafundi wa ngozi na wafinyanzi, na utatamani. Ukienda umejaa tayari utanunua na kubeba kwenye mfuko wa nailoni, jambo linaloharibu picha kuliko kengele.

Sasa kola. Najua umeipenda. Kola ya marinda ilisimama kwa wanga, na ufundi wa kutia wanga ulipata nguvu London miaka ya 1560, ulipoletwa na wanawake kutoka nchi za Flanders. Kila rinda lilinyooshwa kwa kijiti cha moto, moja baada ya jingine, na mvua ya dakika chache iliangusha kazi yote mabegani. Isitoshe, kola pana kama sahani zilivuma zaidi miaka ya 1580 na 1590. Mwaka 1574 zilikuwa bado za kiasi. Mwuza maziwa hana nafasi wala mtumishi wa kuitunza. Na wewe utakuwa nayo Agosti, kwenye joto la unyevunyevu la Wisconsin, jasho likishuka shingoni, huku umeshika paja la bata mzinga kwa mikono miwili, mafuta yanachuruzika. (Huyo bata mzinga, kwa taarifa yako, ni wa Amerika, na Uingereza alikuwa mgeni wa karne hiyohiyo ya 16, ajabu ni kwamba ndiye amekuwa chakula maarufu cha matamasha haya yote.) Kola ikae sandukuni. Kama huwezi kuishi bila marinda, kunja ukanda mwembamba wa kitani, upana wa vidole viwili, uushone kwenye shingo ya shati. Unatosha, na unafulika.

Joho la zambarau hapo ndipo utakaponichukia. Tarehe 15 Juni 1574, mwaka uleule wa tamasha lako, Malkia Elizabeth alitoa tangazo la mavazi, akiwa Greenwich. Hariri ya zambarau, kitambaa cha nyuzi za dhahabu na manyoya ya thamani yaliwekwa kwa ajili yake na jamaa zake wa karibu, isipokuwa ruhusa chache kwa watu wa vyeo vya juu kabisa. Mahameli nayo ilikuwa na ngazi zake. Watu waliambiwa kwa maandishi nani avae nini, na sheria hizo zilidumu mpaka zilipofutwa mwaka 1604. Sisemi utakamatwa. Nasema kwamba pale Bristol, mbele ya malkia wa maigizo na maofisa wake, mwuza maziwa mwenye joho la zambarau ni kichekesho ambacho huenda wakakigeuza mchezo, wakakuita mbele ya watu uhojiwe umelipata wapi. Kama una moyo wa namna hiyo, livae, utafurahisha umati. Kama huna, lihifadhi. Mahameli na joto la Agosti havipatani hata bila malkia. Kuna matamasha ya vuli Texas na Maryland, na huko jioni joho lina kazi.

Upanga uache. Matamasha mengi hutaka silaha yoyote ifungwe kwa nguvu ndani ya ala, isichomoke siku nzima, na walinzi huikagua getini. Soma masharti yao kabla. Hata wakikuruhusu, ni chuma kirefu kinachogonga watoto wa watu kwenye umati, na mwanamke wa sokoni hakuwa nacho. Alikuwa na kisu kidogo cha kulia chakula. Uma wa kulia haukuwa umezoeleka Uingereza. Kijiko cha mbao kinakutosha. Lulu nazo zikae nyumbani na kola. Hao ni ndugu.

Mwenzako anayesema "hakuna kuzidisha" usimdharau. Matamasha haya yalianzia California mwaka 1963, na tangu hapo yamekuwa mahali pa kucheza, si makumbusho. Viumbe wa msituni, maharamia na wachawi wamejaa, na hakuna anayewafukuza. Kwa hiyo masikio, mkia, unyoya na kengele si takataka. Ni za mtu mwingine. Siku ukitaka kuwa kiumbe wa msituni, vaa sketi ya kijani na kizibao hichohicho, ondoa aproni na kofia, funga mkia, piga kengele miguuni, bandika majani kwenye nywele, na hapo zidisha upendavyo. Meza yako ina mavazi mawili kamili na mabaki kidogo. Kosa ni kuyavaa siku moja. Na yule wa "aibu", mwenye kushona kila kitu kwa mkono, mpende, mwombe akufundishe, lakini usimpe cheo cha hakimu.

Kwa kweli yeye ndiye wa kumwuliza jambo moja ambalo mimi ningelitumia hela kabla ya pambo lolote: matundu ya kamba kwenye kizibao chako. Hukuniambia umeyafanyaje. Kama umepiga pete za shaba kwa nyundo, ndizo zitakazoonekana kwanza, maana ni za viwanda vya karne ya 19 na zinang'aa katikati ya kifua. Chukua shazia nene, sukuma nyuzi za kitambaa zipishane bila kuzikata, kisha zungushia uzi wa kitani kwa mishono ya karibukaribu, kama unavyokingia tundu la kifungo. Kwa kuwa nyuzi hazijakatwa, tundu halichaniki ukikaza. Na usipitishe kamba mbili zinazopishana kama za viatu. Tumia kamba moja, ifunge chini, ipande ikizunguka kutoka tundu la kushoto hadi la kulia hadi juu. Matundu ya upande mmoja yawe juu kidogo kuliko ya mwenzake, isipokuwa mwanzo na mwisho. Mama yako akiyaona atakwambia umefanya kazi. Ukiwa na kizibao kilichofungwa hivyo na kofia safi ya kitani, utaonekana umekamilika kabla hujaning'iniza hata ufunguo.

Kuhusu kofia, neno dogo kwa nywele zetu. Kofia za kitani zinazouzwa zimekatwa kwa nywele laini zilizokazwa nyuma. Ukiwa na misuko, shona mwenyewe, na sehemu ya nyuma iongeze kina mpaka misuko iingie yote bila kuibana. Ukipenda, zungusha kitambaa cheupe juu yake.

Tuje kwa kanga. Wifi amekupa ushauri kwa upendo, lakini kwa historia amekupotosha mara mbili. Kanga ni vazi la Pwani lililozaliwa karne ya 19. Ukiifunga kwenye Bristol ya 1574 umekosea miaka karibu mia tatu, kosa kubwa kuliko la kofia ya pembe tatu. Pili, Mwafrika hakuwa na haja ya kujitenga na mavazi ya pale. John Blanke, mpiga tarumbeta Mwafrika wa Mfalme Henry wa Nane, amechorwa kwenye karatasi ndefu ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511, juu ya farasi, akiwa na sare ya wenzake na kilemba kichwani. Alipooa mwaka 1512 mfalme alimzawadia nguo za harusi, zikiwemo joho la rangi ya urujuani na kofia. Aliwahi pia kumwandikia mfalme akidai aongezwe mshahara, na kwa hilo peke yake mimi nampenda. Basi kilemba kina ushahidi. Kanga haina.

Lakini kama hamu yako ni kuvaa kwetu, ipo njia nzuri kuliko kanga, na nashangaa hakuna aliyekuambia. Zama hizohizo Pwani yetu ilikuwa na mavazi yaliyowaduwaza Wareno. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, walioandika safari yake walimkuta mfalme amevaa joho la hariri ya kunakshiwa lenye pindo la satini ya kijani na kilemba cha thamani, amekaa kwenye viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa satini nyekundu. Miaka michache baadaye Mreno Duarte Barbosa aliwaeleza watu wa Kilwa, wanaume na wanawake, kuwa wamevaa hariri, pamba na dhahabu, na mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vito masikioni. Umesikia? Miguuni! Huyo ndiye mtu wa kuvaa lulu zako zote tatu na bangili juu ya bangili bila kuulizwa. Mke wa mfanyabiashara wa Kilwa, kilemba cha hariri, kitambaa kilichofungwa kifuani na kingine begani, dhahabu bandia mpaka kwenye vifundo. Kwa vazi hilo swali lako la vitu vingapi halipo kabisa. Ila litakugharimu kitambaa kipya, na watu watakuuliza wewe ni nani tangu getini hadi jioni, uwe na majibu. Kwa Agosti hii ningekaa na Cattelena. Mwakani, hariri.

Kuhusu mume. Usimvalishe soksi ndefu za kubana, utavunja ndoa. Mwambie mwaka 1571 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kila mtu aliyezidi miaka sita, ukiwaondoa wenye vyeo na baadhi ya wanawake, avae kofia ya sufu siku za Jumapili na sikukuu, ili wafumaji wa kofia wapate riziki. Jumapili hiyo kofia ni lazima, kwa amri ya serikali, na ya besiboli haihesabiki. Mtafutie kofia ya sufu ya duara, bapa, rangi ya kahawia. Ongeza shati jeupe lisilo na kola, mshipi wa ngozi juu ya shati, suruali nyeusi isiyo jinzi na buti zake za kawaida. Hivyo vinamtosha mwanaume asiyetaka, na karibu vyote anavyo kabatini. Usimwongezee mkoba wala kisu. Akiona wenzake atavitaka mwenyewe kabla ya saa nane mchana, na mafundi wapo hapohapo wa kumwuzia. Akikataa hata kofia, mwache aende na jinzi yake. Ndani kuna wa jinzi wengi tu, na wewe utahitaji mtu mwenye mifuko ya kweli akubebee funguo za gari.